Mtoto Alale Wapi? Historia ya Kitanda cha Ubavuni

Wandugu, kuna safari unaianza ukidhani ni ya nusu saa. Jumamosi moja mshikaji wangu, ambaye mkewe alikuwa amebakiza wiki chache kujifungua, aliniomba nimsindikize Kariakoo kununua kitanda cha mtoto. Pesa ilikuwepo na duka tulilijua. Tulizunguka saa tatu, tukarudi mikono mitupu. Kisa ni mama mkwe wake. Tulikuwa tumeongozana naye, na aliuliza swali moja tu.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha aina ambayo sasa inaonekana onekana mjini. Kidogo, kina kuta za wavu na fremu ya bomba nyepesi. Upande mmoja unafunguka na kushuka, halafu kinafungwa kwa mikanda ubavuni mwa kitanda cha wazazi. Mama akiwa amelala ananyoosha mkono, anamvuta mtoto, ananyonyesha, anamrudisha mahali pake bila kusimama. Hapa nitakiita kitanda cha ubavuni. Muuzaji alitueleza yote hayo kwa bashasha, kisha akapigilia msumari: "Ulaya wote wanatumia hiki, bosi."

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote. Akaligusa godoro, akalibonyeza kwa kidole, kisha akauliza: "Chandarua kitapita wapi, baba?"

Muuzaji akacheka kidogo. "Mama, kwa hiki unapuliza dawa tu chumbani." Mama mkwe akamgeukia mkwewe, akasema, "Twende nyumbani."

Njiani ndipo mjadala ulipowaka, ingawa unajua mtu na mama mkwe wake hawabishani, wanadokezana. Jamaa akadokeza kwamba madaktari wanasema mtoto akilala na wazazi anaweza kulaliwa akafa. Mama akajibu kwa upole kwamba yeye amelea sita, wote walilala kifuani pake, na hakuna aliyemlalia. Jamaa hakuwa na la kujibu. Akanigeukia mimi: "Wewe si mwandishi wa habari? Tutafutie ukweli."

Basi nikaingia kazini. Nilidhani nitakuta makala mbili tatu za ushauri, nimalize. Nilichokuta ni kesi ya zaidi ya miaka elfu mbili, na bado haijafungwa. Katika kusoma kwangu nikagundua jambo moja: kila kitanda cha mtoto kilichowahi kutengenezwa kimezaliwa na hofu fulani. Ukiijua hofu iliyokizaa, unaweza kupima kama ndiyo hofu iliyomo nyumbani kwako. Usipoijua, unanunua hofu ya mtu mwingine kwa bei ya dukani.

Tuanze na hofu ya jamaa yangu, ya mtoto kulaliwa. Sote tunaijua hukumu ya Sulemani katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 3. Tunachokumbuka ni upanga na mtoto aliyekaribia kukatwa vipande viwili. Tunachosahau ni chanzo cha kesi: wanawake wawili waliishi nyumba moja, kila mmoja na kichanga chake, na mmoja alimlalia mwanawe usiku akafa. Kesi maarufu kuliko zote katika Biblia ilianzia kitandani.

Ulaya ya kale Kanisa liliichukulia ajali hiyo kama dhambi. Mzazi aliyemlalia mtoto alipewa kitubio, na mara nyingi mama maskini alishukiwa kwamba amefanya makusudi ili apunguze mdomo wa kulisha. Hapo hofu ilikuwa na sura mbili: kumhofia mtoto asife, na kumshuku mama yake.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1732 jarida la Royal Society ya London lilichapisha maelezo na mchoro wa kifaa kilichotumika mjini Florence, Italia, kinachoitwa arcutio. Kilikuwa fremu ya mbao yenye upinde juu, inayowekwa kitandani, na mtoto analala ndani yake. Shuka na blanketi havimwangukii, na mlezi akigeuka usingizini anakutana na mbao kabla ya kumfikia mtoto. Lakini pembeni fremu ilikatwa nafasi ya kupitisha titi, pamoja na ubao wa mama kujiegemeza anaponyonyesha. Maelezo yale yanasema kila mlezi wa Florence alitakiwa kukitumia, la sivyo atengwe na Kanisa.

Nilipouona mchoro ule nilicheka peke yangu. Muuzaji wetu alikiita kitanda chake teknolojia mpya kabisa. Wazo la mtoto kuwa karibu vya kutosha kunyonya na mbali vya kutosha asilaliwe lina karibu miaka 300, na lilikuwa la seremala.

Karne ya 19 hofu ikahamia kwa polisi. Mwaka 1892 daktari wa polisi wa mji wa Dundee, Scotland, Charles Templeman, alichapisha ripoti ya vifo 258 vya watoto wachanga waliodhaniwa kukosa hewa kitandani. Aligundua kwamba vingi vilitokea usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Jumamosi ilikuwa siku ya mshahara, na mshahara uliishia kilabuni. Templeman alilaumu uzembe, ulevi na msongamano wa familia nzima kulala chumba kimoja, kitanda kimoja. Mwaka 1908 sheria ya watoto ya Uingereza ikaweka jambo hilo wazi: mtu mzima akilala na mtoto wa chini ya miaka 3 akiwa amelewa, na mtoto akafa kwa kukosa hewa, amefanya kosa la jinai.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapo. Kwanza, sheria ile haikumkataza mama kulala na mwanawe. Ilikataza pombe. Pili, watafiti wa leo wanaamini kwamba baadhi ya watoto waliohesabiwa kuwa wamelaliwa walikufa kwa sababu nyingine kabisa, na mama zao walibeba aibu isiyo yao. Ni vigumu kusoma zile kumbukumbu bila kuwawazia wale wanawake, wanaamka asubuhi, mtoto wa baridi, na askari mlangoni.

Karne ya 20 ilipoanza, hofu ya pili ikaingia: mtoto atadekezwa, ataambukizwa, hatajifunza ratiba. Mtume wa mafundisho hayo alikuwa daktari wa New Zealand, Truby King, ambaye mwaka 1907 alianzisha chama kilichokuja kuitwa Plunket. King alitaka mtoto anyonye kwa saa, kila baada ya saa 4, usiku asinyonye, alale kwenye kitanda chake na hewa safi nyingi. Mafundisho yake yalisambaa Uingereza na kwenye makoloni. Hospitali nazo zikaanza kuwaweka watoto kwenye chumba chao, nyuma ya kioo, baba na mama wanachungulia kama wateja dukani. Mtoto wa tabaka la kati akapewa chumba chake na kitanda chenye nondo za mbao. Ndipo kitanda kikawa alama ya maendeleo: kadiri mtoto alivyolala mbali na mama, ndivyo familia ilivyoonekana imestaarabika.

Na sasa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu wa historia hii.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, vitabu vya malezi, kikiwemo kile maarufu cha daktari wa Marekani Benjamin Spock kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1946, vilianza kuwashauri wazazi wamlaze mtoto kifudifudi. Hoja ilikuwa kwamba akitapika akiwa chali atapaliwa na matapishi. Inaingia akilini, sivyo? Mamilioni ya wazazi wasomi waliotaka kufanya sahihi walitii. Wakanunua kitanda kizuri, wakamlaza mtoto wa tumbo, wakafunga mlango taratibu. Asubuhi baadhi yao walikuta mtoto amekufa, hana jeraha wala ugonjwa. Mwaka 1969 wataalamu walivipa jina rasmi vifo hivyo vya ghafla. Uingereza watu wakaviita vifo vya kitandani, kana kwamba kitanda ndicho kilichoua.

Jibu lilikuja taratibu mno. Mwaka 1990 Peter Fleming na wenzake wa Bristol walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtoto anayelazwa kifudifudi yuko kwenye hatari zaidi ya mara 8. New Zealand, ambako vifo hivyo vilikuwa vingi sana, nao walifikia jibu hilohilo. Mwaka 1991 mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, Anne Diamond, alifiwa na mwanawe Sebastian. Akasafiri hadi New Zealand kuona wanachokifanya, akarudi kuibana serikali, na mwishoni mwa mwaka huohuo Uingereza ikaanza kampeni ya kuwalaza watoto chali. Marekani ikafuata mwaka 1994. Huko Marekani vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 1992 na 2001. Hakuna dawa wala mashine iliyovumbuliwa, mtoto aligeuzwa tu.

Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake wa London walirudi kwenye makabrati ya zamani, wakahesabu. Walikuta kwamba ushahidi wa kutosha ulikuwepo tangu mwaka 1970. Kama ungekusanywa na kufuatwa wakati ule, watoto zaidi ya 10,000 Uingereza, na angalau 50,000 Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, wasingekufa. Mimi mwandishi wa habari nilisoma takwimu hiyo mara tatu. Ushauri ule uliandikwa na watu wenye nia njema na shahada ukutani, na magazeti ya wakati ule yaliuchapisha bila kuuliza.

Kwa hiyo mtu akiniambia "wataalamu wamesema", siku hizi nauliza: wamesema lini, na wamepima nini?

Turudi kwenye kitanda chetu. Baada ya kujua suala la kulala chali, watafiti wakaanza kuangalia jambo la pili: mtoto alale chumba gani? Ikaonekana kwamba mtoto anayelala chumba kimoja na mzazi yuko salama kuliko yule aliye peke yake. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2016 na ule wa 2022, kinasema mtoto alale chumba cha wazazi kwa angalau miezi 6 ya kwanza, ila kwenye sehemu yake. Yaani chumba kimoja, vitanda viwili. Wanaanthropolojia kama James McKenna wa Marekani wakaongeza kwamba mama anayenyonyesha na mwanawe hulala kwa mtindo wao maalumu, wanaamshana na kusikilizana pumzi, na kwamba kuwatenganisha si jambo la kawaida kwa binadamu. Nao wakakubali kwamba kuna hali ambazo kitanda kimoja ni hatari kabisa: mzazi amelewa, anavuta sigara, au mtoto kazaliwa njiti. Na kwenye kochi ni marufuku.

Kitanda cha ubavuni kimezaliwa katikati ya mabishano hayo. Ni suluhu kati ya hofu mbili, ya kumlalia na ya kumwacha peke yake. Je, kinafanya kazi? Mwaka 2006 Helen Ball wa Chuo Kikuu cha Durham na wenzake walichapisha matokeo kutoka wodi ya wazazi mjini Newcastle. Akina mama waligawanywa kwa kura: wengine walilala na mtoto kitandani, wengine wakapewa kitanda cha ubavuni, wengine kile cha kusimama peke yake pembeni. Watoto wa makundi mawili ya kwanza walinyonya mara nyingi zaidi kuliko wa kundi la tatu. Hatua chache tu za sakafu zilitosha kuleta tofauti. Lakini tusitie chumvi: utafiti mkubwa uliofuata, uliowafuatilia akina mama hadi nyumbani, haukuonyesha kwamba waliopewa kitanda cha ubavuni hospitalini walinyonyesha kwa miezi mingi zaidi. Kitanda kinasaidia usiku ule unaokitumia, hakifanyi miujiza.

Kisa kilichonigusa kuliko vyote kinatoka New Zealand tena, kwa daktari Truby King. Baada ya kampeni ya 1991 vifo vilipungua, lakini kwa Wamaori, wenyeji wa nchi ile, vilibaki juu. Wamaori wengi hulala na watoto wao, na uvutaji sigara ulikuwa mwingi. Serikali iliwaambia waache kulala na watoto. Hawakusikia, na nani angesikia? Katikati ya miaka ya 2000 daktari Mmaori, David Tipene-Leach, akakaa na wafumaji wa jadi. Wakabuni wahakura, kikapu cha wazi kinachofumwa kwa majani ya harakeke, mmea wenye nyuzi ngumu unaoweza kuufananisha na mkonge. Kikapu kinawekwa juu ya kitanda cha wazazi, katikati au pembeni. Mtoto yupo kitandani na wazazi wake, lakini ana ukuta wake. Baada ya tetemeko la Christchurch la mwaka 2011, familia zilizopoteza makazi zilipewa kisanduku cha plastiki cha aina hiyohiyo, Pepi-Pod. Kati ya mwaka 2009 na 2015, vifo vya watoto baada ya siku za mwanzo vilipungua New Zealand kwa asilimia 29, na watafiti wanahusisha punguzo hilo na mpango huo wa usingizi salama. Mwaka 2017 ukatoka utafiti wa akina mama 200 ulioonyesha kwamba waliopewa wahakura hawakuwa na hatari zaidi ya waliopewa kitanda cha kawaida, na wengi zaidi kati yao walikuwa bado wananyonyesha kikamilifu mtoto alipofika miezi 6.

Kumbe mila haikuhitaji kupigwa marufuku. Ilihitaji kusikilizwa, kisha ifumiwe ukingo.

Sasa sisi je? Mama mkwe wa mshikaji wangu hakuokota maneno yake jalalani. Pwani yetu mzazi hukaa arobaini, yeye na mtoto kitanda kimoja, bibi yuko karibu, na baba wa mtoto anajitafutia pa kulala. Lugha yenyewe ina neno susu, kitanda cha mtoto kinachoning'inizwa. Maana yake wahenga nao walimpa mtoto mahali pake, juu, pa kubembea, mama akiwa karibu. Binti wa Sultani wa Zanzibar, Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi watoto wa jumba la kifalme walivyoviringishwa vitambaa siku 40 za mwanzo. Mchana mtoto yuko kwenye mbeleko, na mwana hutazama kisogo cha nina. Hatujawahi kuwa watu wa mtoto kulala chumba chake.

Na sayansi imetuunga mkono kwa sehemu. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 5: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana waliowekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa asilimia 25 kuliko waliosubiri mpaka hali zao zitulie. Huko mama alikuwa macho na wauguzi wako jirani, kwa hiyo si sawa na kupitiwa na usingizi nyumbani. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba ukaribu si ushamba.

Hata hivyo, swali la mama mkwe halikuwa la ukaribu. Alilala na watoto sita kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo tuliyoisahau pale dukani: chandarua kilikuwa kimoja.

Hii nayo ni historia, tena yetu. Mwaka 1997 mradi wa vyandarua ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga, Morogoro, watafiti wa Ifakara wakiwa ndani yake, na vyandarua vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu. Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha matokeo: watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4 waliolala ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi, kwa asilimia 27. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo, vocha aliyopewa mjamzito kliniki ili anunue chandarua kwa bei nafuu, ikaendelea hadi mwaka 2014. Baadhi yetu tulilala chini ya vyandarua vya vocha ile, ubavuni mwa mama. Tuko hai, na hatujui tunadaiwa na nani.

Kitanda cha ubavuni kilibuniwa na watu wasiowaza malaria usiku. Hofu yao ni kulaliwa na kukosa hewa, na ni hofu ya kweli. Lakini ukikileta Tabata au Mbagala na kukiacha nje ya chandarua, umemwokoa mtoto na ubavu wa mama yake ukamkabidhi kwa mbu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga. Wangeweza kuongeza mbu.

Nikampelekea jamaa yangu haya yote, pamoja na orodha fupi ya mambo ambayo historia imeyalipia kwa roho za watoto:

Godoro liwe gumu na lienee fremu yote. Kidole cha mama mkwe pale dukani kilikuwa kinafanya kazi ya maabara.

Kusiwe na mwanya kati ya godoro la mtoto na la mzazi, na yawe usawa mmoja. Marekani waliweka viwango maalumu vya vitanda hivi vilivyoanza kutumika mwaka 2014.

Kama kuna nondo za mbao, zisipishane zaidi ya sentimita 6. Mwaka 2008 huko Marekani, vitanda vidogo karibu 900,000 vya kuweka karibu na mzazi viliondolewa sokoni, baada ya watoto wawili kunaswa na kufa kati ya vyuma vilivyozidi nafasi hiyo.

Ukikutana na kitanda cha mtumba cha mtindo wa zamani, kile kikubwa chenye ubavu wa kupandisha na kushusha kwenye reli, kiache. Marekani walivipiga marufuku mwaka 2011. Vitanda vya mteremko na yale mapambo ya sponji ya kuzungushia kitandani, sheria yao ya mwaka 2022 imeviondoa pia.

Mto, midoli na blanketi zito havina kazi humo. Mtoto alale chali, kila mara, mchana na usiku.

Jamaa akasoma, akampa mkewe, mkewe akamsomea mama yake. Jumamosi iliyofuata tukaenda Keko kwa fundi seremala. Tukampa vipimo: kitanda cha wazazi ni futi 5 kwa 6, cha mtoto upana nusu mita, kishikizwe kwa bolti kwenye mfumbati, matendegu yakatwe mpaka magodoro yalingane. Fundi alitaka kuweka nakshi upande wa mchago. Mama mkwe akakataa, nakshi ni mahali pa kunasa nguo. Kisha akatoa futi kamba kwenye mkoba na kupima mwenyewe. Vitanda viwili pamoja vilikuwa futi 6 na nusu hivi, na chandarua cha nyumbani ni cha 6 kwa 6. Hakitoshi.

Tukatazamana. Yeye hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amekuja na chandarua cha pili kwenye mfuko, na jioni ile vyote viwili vikaenda kwa fundi cherehani, vikaunganishwa kuwa kimoja kipana, kinachofungwa dari kwa kamba nne.

Mtoto amezaliwa, ni wa kike, mzima. Wiki iliyopita nilikwenda kuwasalimia. Mama mkwe alinionyesha chumba kwa fahari, akanyanyua chandarua, akachomeka upya pindo lake chini ya godoro dogo. "Si unaona?" akasema. "Na mimi sikukataa kitanda."

Alamsiki.